Buibui Usiyemjua: Kwa Nini Jina Lake Halisomeki Mgongoni

Tulikuwa tunapanda kutoka Sigi kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ukungu wa asubuhi ungali umetanda msituni, pale mzee aliyekuwa akituongoza aliposimama ghafla na kunyoosha mkono nyuma kunizuia. Njia ilikuwa imezibwa na utando kutoka mti hadi mti. Jua lilipopenya majani, nyuzi zake ziling'aa rangi ya dhahabu, manjano yenyewe ya pete ya ndoa. Katikati yake, kichwa kikiwa chini, alining'inia buibui mwenye mwili mrefu kama kipande cha juu cha kidole gumba changu, bila kuhesabu miguu.

"Mzee, huyu anaitwaje?"

"Buibui."

"Naam, lakini buibui gani?"

"Buibui wa njiani. Hana neno. Inama upite."

Nimelifikiria sana jibu lile. Kiswahili hakina uvivu wa kuwapa wadudu majina. Tuna siafu, sisimizi, majimoto, mchwa na kumbikumbi, kila mmoja na tabia yake, maana hao wanauma, wanakula nyumba au wanaliwa. Buibui hatukuwagawa hivyo. Yule wa darini, yule wa shimoni, yule wa kwenye ua la mboga, wote ni buibui, na Pwani neno hilohilo likapewa hata vazi jeusi la mama zetu. Kwa hiyo anayekutana na buibui asiyemjua hana pa kuanzia katika lugha yake, na mara nyingi huishia kuuliza maswali mawili kwa pumzi moja: anaitwa nani, na ana sumu? Maswali hayo yana njia tofauti za kujibiwa, na vurugu nyingi huanza yanapochanganywa.

Nianze na jina. Mwezi Aprili 2022, orodha ya dunia ya buibui inayotunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Bern, Uswisi, ilifikisha spishi 50,000 zilizokwisha kuelezwa kisayansi. Wengine wengi bado hawana jina kabisa, na misitu kama ya Usambara na Udzungwa ni miongoni mwa mahali wanapoendelea kupatikana. Ndiyo maana wataalamu hutambua kwa ngazi. Kwanza familia, yaani ukoo mpana wenye umbo na desturi zinazofanana. Kisha jenasi, kundi dogo la ndugu wa karibu. Mwisho spishi, yaani aina yenyewe. Mtu mwenye subira na macho mazima anaweza kuifikia familia akiwa amesimama porini. Jenasi huifikia mara kwa mara. Spishi ni kazi nyingine, na nitaeleza sababu yake, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukata tamaa au, vibaya zaidi, huanza kubahatisha.

Kabla ya ngazi zote hizo, hakikisha ni buibui. Miguu minane, mwili wenye sehemu mbili zilizounganishwa na kiuno chembamba, hana vipapasio kichwani, hana mabawa. Yule kiumbe bapa wa mapangoni mwenye mikono yenye miiba na miguu ya mbele mirefu kama mijeledi si buibui, ingawa ni ndugu yake. Naye hana sumu yoyote. Wapo pia wanaodanganya kwa upande wa pili: buibui wa jenasi ya Myrmarachne wana mwili mwembamba wa sisimizi, wanatembea kwa mwendo wa sisimizi, na huinua miguu miwili ya mbele wakiichezesha kama vipapasio. Niliwahi kukaa dakika kumi chini ya mwembe nikitazama msafara wa majimoto kabla ya kugundua kwamba mmoja wao ana miguu minane.

Sasa turudi kwenye utando ule wa dhahabu, kwa sababu utando ni nusu ya utambulisho, na ndiyo nusu ambayo watu huibomoa kwa fimbo kabla hawajaitazama. Nyuzi za manjano, utando mkubwa wa duara, mwenyewe amekaa katikati mchana kweupe: dalili hizo zikikutana katika Afrika Mashariki, uko karibu kabisa na jenasi ya Trichonephila. Vitabu vya zamani vitakuambia Nephila. Mwaka 2019 wataalamu waligawa upya kundi hilo, na buibui wetu wengi wa hariri ya dhahabu wakahamia jina jipya. Hariri hiyo ndiyo iliyokusanywa Madagaska kutoka kwa majike zaidi ya milioni moja wa jenasi hiyo ili kufuma joho la rangi ya dhahabu lililoonyeshwa mwaka 2012 katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Halikutiwa rangi. Ni rangi ya hariri yenyewe, ileile iliyotuzibia njia.

Nilipousogelea utando nikaona kwamba mwenye nyumba hakuwa peke yake. Pembezoni mwa kitovu walikaa buibui wanne wadogo wa kahawia, kila mmoja hazidi punje ya mchele. Chini zaidi, kwenye nyuzi za kando, kulikuwa na vitone viwili vya fedha vinavyometa kama matone ya zebaki. Mtu wa haraka angesema jike na watoto wake. Ukweli ni kwamba wale wanne wa kahawia ni madume, tena madume wazima. Katika kundi hili dume huwa mdogo kiasi hicho, na huishi kwenye utando wa jike akisubiri nafasi. Vile vitone vya fedha si wa ukoo huo kabisa. Ni Argyrodes, buibui wa familia nyingine, ambao hawajengi utando wao wa kuwindia bali huiba vijidudu vilivyonaswa kwenye utando wa mkubwa. Utando mmoja, familia mbili, jinsia mbili zisizofanana hata chembe. Laiti ningepiga picha ya kitone cha fedha peke yake na kuuliza ni nani, bila kusema nilimkuta kwenye nyumba ya mwingine, ningekuwa nimeficha ushahidi mkubwa kuliko wote niliokuwa nao.

Kwa hiyo usimwondoe buibui kwenye mazingira yake ndipo uanze kumchunguza. Nyumba yake inasema. Utando wa duara wenye mstari mzito wa pingapinga katikati, na mwenyewe amekaa miguu miwilimiwili kama herufi X, ni Argiope. Utando ulioegemea ukuta au shina, wenye kijihandaki pembeni ambako mwenyewe hujificha mchana, mara nyingi kwenye vipenu vya nyumba zetu, ni Nephilingis cruentata, na jike wake ana rangi nyekundu kifuani chini. Fundo la nyuzi na majani makavu kwenye mgunga, kubwa kama mpira wa makaratasi wa watoto, na ndani yake wanaishi wengi pamoja: hao ni Stegodyphus, miongoni mwa buibui wachache sana duniani wanaoishi kijamaa na kuwinda kwa ushirika. Nyuzi zilizovurugika kwenye kona ya choo, na mwenyewe mwenye miguu mirefu kama uzi anayetetemeka ukimgusa, ni familia ya Pholcidae, na huyo hakuna haja ya kumsumbua.

Lakini wengi hawana utando wa kuwindia. Wanatembea. Hapo ndipo macho yanapoingia, na ninasema macho ya buibui, sio yako. Wengi wana manane, na mpangilio wake hubadilika kutoka familia hadi familia kwa namna ya kutegemeka kuliko rangi. Ukiona mawili makubwa mbele kama taa za lori, na uso unaogeuka kukufuata, huyo ni mrukaji, Salticidae. Ukiona manne madogo kwenye safu ya chini, mawili makubwa juu yake, na mengine mawili nyuma zaidi, huyo ni wa Lycosidae, wawindaji wa ardhini. Hao wa pili kuwapata ni rahisi usiku. Weka tochi kwenye paji la uso, usawa wa macho yako, kisha mulika majani. Vinukta vya kijani vinavyong'aa kwenye nyasi, vingi hadi utashangaa, ni macho ya Lycosidae yakirudisha mwanga. Tochi ukiishika kiunoni hutaviona, kwa sababu mwanga hurudi kule ulikotoka.

Namna mama anavyobeba mayai nayo husaidia pale macho yanapokuwa madogo mno kuonekana. Jike wa Lycosidae huburuta kifuko cha mayai nyuma, kimeshikamana na sehemu inayotoa hariri, na watoto wakitotolewa humpanda mgongoni. Jike wa Pisauridae, ambaye kwa umbo wanafanana sana, hubeba kifuko chake mbele, chini ya kifua, amekishika kwa meno. Ukiliona hilo mara moja umetenganisha familia mbili zinazowachanganya watu kila siku, bila hata lenzi.

Na wale wakubwa wenye manyoya, wa shimoni? Hapo tazama chonge. Buibui wengi wana chonge zinazokutana kama koleo, moja kutoka kila upande. Hawa wakubwa, ambao kusini na mashariki mwa Afrika wamepewa jina la nyani kwa sababu nyayo zao zinafanana na vidole vya nyani, wana chonge mbili zinazoshuka sambamba kama sururu. Pterinochilus murinus ndiye anayejulikana zaidi, na wale wa rangi ya machungwa wanafugwa na watu hadi Ulaya na Marekani chini ya jina la Usambara. Anang'ata kwa hasira na maumivu yake ni makali. Mwache shimoni mwake.

Mpaka hapa rangi nimeigusia kidogo tu, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Rangi ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu hueleza ("alikuwa mweusi ana madoa") na ndiyo yenye kudanganya kuliko vyote. Spishi moja inaweza kuwa na rangi kadhaa. Baadhi ya buibui wa maua, wale wanaokaa kama kaa, hubadilika kutoka mweupe kuwa wa manjano kwa siku chache kufuata ua wanamovizia. Mtoto huwa na michoro ambayo mzazi hana. Dume huwa na rangi moja, jike nyingine. Halafu spishi tatu tofauti zinaweza kuvaa kahawia ileile ya majani makavu, kwa kuwa wote wanajificha kwenye majani yaleyale.

Basi spishi hutambuliwaje? Kwa viungo vya uzazi. Watu wengine huguna nikisema hivyo, lakini ndiyo kweli ya fani hii. Dume mzima ana vijikono viwili karibu na mdomo ambavyo ncha zake zimevimba kama glavu za bondia. Ndani ya uvimbe huo mna kifaa kidogo chenye ndoano na misokoto, anachokitumia kupeleka mbegu kwa jike. Jike mzima naye ana kibamba kigumu chini ya tumbo, chenye matundu na mikunjo yake. Umbo la viungo hivyo hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale miili inapofanana kabisa, na ndani ya spishi moja halibadilikibadiliki ovyo kama rangi. Kuviona vizuri kunahitaji hadubini, na kwa majike wengi kunahitaji kupasua. Buibui ambaye hajakomaa hana viungo hivyo. Ndiyo sababu mtaalamu makini akiletewa kijana wa buibui husema familia, labda jenasi, kisha akanyamaza. Msimdhanie kwamba hajui. Kitu cha kumjulisha bado hakijaota.

Uzito wa jambo hili niliuelewa niliposoma juu ya watafiti waliokusanya buibui katika msitu wa milima ya Udzungwa, kazi iliyochapishwa mwaka 2002. Walipata zaidi ya elfu tisa waliokomaa, na kutoka humo wakatenga spishi 170. Hesabu hiyo ni ya waliokomaa tu. Watu walikesha na tochi msituni, wakatikisa vichaka, wakarudi na vichupa vya spiriti, na bado mtoto wa buibui hakuweza kuingia kwenye hesabu.

Sasa simu. Programu za kutambua viumbe kwa picha ni msaada mkubwa, nami ninazitumia, hasa iNaturalist, kwa kuwa nyuma ya mashine wapo watu wanaosahihisha. Lakini kumbuka mashine imefundishwa kwa picha ilizopewa, na picha nyingi zinatoka Marekani Kaskazini na Ulaya. Ukiipa buibui wa Handeni inaweza kukupa jina la binamu yake wa Texas. Hapo mahali panakuwa kichujio cha kwanza. Yule Atrax robustus anayetajwa kwenye jumbe za kuogofya anaishi maeneo ya kuzunguka Sydney, Australia. Loxosceles reclusa ni wa katikati na kusini mwa Marekani. Hakuna hata mmoja anayekungoja chooni Morogoro. Kabla ya kukubali jina lolote, uliza: huyu amewahi kuonekana bara hili? Swali hilo moja hufuta nusu ya majina ya kutisha.

Hilo linatuleta kwenye swali la pili, la sumu. Karibu buibui wote wana sumu. Familia ya Uloboridae ni ya wachache waliokosa kabisa tezi zake. Lakini sumu hiyo ni ya inzi na panzi, na chonge za wengi haziwezi hata kupenya ngozi ya mtu. Katika makazi yetu, ambaye ningependa kila mtu amjue kwa sura ni Latrodectus geometricus, wa kahawia, tumbo la mviringo, mwenye alama ya machungwa chini ya tumbo yenye umbo la kioo cha saa ya mchanga. Hukaa chini ya viti vya plastiki, kwenye vifuniko vya mapipa, ndani ya viatu vilivyosahaulika. Alama yake huonekana kwa shida kwa sababu iko chini, ila vifuko vyake vya mayai havifichiki: vidogo, vya duara, vimeota ncha ndogondogo pande zote kama tunda la mbigili. Ukiviona, vaa glavu kabla hujaingiza mkono. Mtu aliyeng'atwa kisha akapata maumivu yanayosambaa, misuli kukaza na jasho jingi apelekwe hospitali bila kusubiri, na kama buibui yupo, hai au amekufa, picha yake iende naye.

Lakini lipo kosa lililo kubwa zaidi, na hili linanikera kwa sababu linaumiza watu. Wengi wetu tulikuzwa tukiambiwa kwamba buibui hukojolea watu usiku. Mtoto anaamka na mstari mwekundu shingoni, unawaka kama moto, malengelenge yanafuata, na nyumba nzima inasema: kojo la buibui. Mara nyingi mwenye kosa ni Paederus, kijidudu chembamba cha machungwa na cheusi, jamii ya mbawakawa, ambacho kimepewa jina la jiji la Nairobi na huzagaa misimu ya mvua kikifuata taa. Hakiumi. Ukikiponda juu ya ngozi, majimaji yake yenye kemikali iitwayo pederini huchoma, na dalili huja saa 12 au zaidi baadaye, wakati kijidudu chenyewe kilishasahaulika. Pengine mstari ule ni mkanda wa jeshi, ugonjwa wa virusi unaotakiwa kuwahiwa kwa dawa. Vidonda vingi vinavyoitwa vya buibui ni maambukizi ya bakteria. Buibui akishabebeshwa lawama, hakuna anayetafuta sababu nyingine, na mgonjwa anapakwa majivu wakati alihitaji daktari. Kama hakuna aliyemwona buibui aking'ata, usiandike buibui.

Picha basi zipigwe hivi. Mgongo, ndiyo, kila mtu huupiga. Kisha uso kutoka mbele, kwa ajili ya macho. Kisha tumbo kwa chini, na hapo utando wa duara ni neema maana unaweza kuuzunguka. Kisha utando mzima ukiwa umesogea nyuma. Andika mahali, tarehe, saa, alikuwa juu ya nini, na ukubwa wa mwili bila miguu. Usimtie kwenye chupa. Ndani ya hifadhi kukusanya viumbe kunahitaji kibali, na picha nzuri humwacha akiendelea na kazi yake. Wazee wa Pwani waliotukataza kuua buibui, kwa heshima ya kisa cha pango la Thaur, ambako inasimuliwa buibui alifuma utando mlangoni kumficha Mtume Muhammad, walitupa desturi nzuri ya kuanzia.

Asubuhi ile nilipiga picha kumi na nne, zote za mgongo. Jioni nikiwa Amani nikaona kosa langu, na kesho yake tulipokuwa tunashuka nikamwomba mzee tupite njia ileile. Alikuwepo. Nusu moja ya utando ilikuwa mpya, safi, inameta; nusu nyingine ilikuwa ya jana, imejaa vijiti na bawa la nondo, kwani jamii hii hutengeneza upya sehemu tu ya utando wao badala ya kuuvunja wote. Mzee akashika karatasi nyeupe ya daftari langu nyuma ya utando, akanyamaza kimya mikono haitikisiki, nami nikapiga picha ya tumbo.

"Sasa umempata jina?"

Nikamwonyesha nilichoandika: Trichonephila, jike mzima. Madume wanne, Argyrodes wawili. Kati ya Sigi na Amani, juu ya njia, urefu wa kifua. Penye spishi nimeacha mstari mtupu. Kibamba kile cha chini ya tumbo kwenye picha ni doa jeusi lisilosomeka. Mzee akaisoma polepole, akanirudishia daftari, kisha tukainama, yeye kwanza, tukapita chini.